Mizani ya Keki na Mishale ya Nasser

Juzi nilikutana na Nasser huko Lusail, mji wa huku kwa Waarabu, kwenye foleni ya chai ya karak, na jambo la kwanza alilofanya ni kucheka kabla sijafungua mdomo. Watu wengine wakikuona hukusalimia. Nasser akiniona hucheka, kana kwamba uso wangu ni kichekesho kilichokwisha kuanza na yeye anangoja tu mwisho wake. "Kyalo! Wallah, umekuwa mrefu kama nguzo ya taa!" Kiswahili chake ni kile kile alichofundishwa na mjomba wangu akiwa mtoto, Kiswahili cha zizini, chenye lafudhi ya Kitui na sarufi ya mbuzi. Akaniuliza, "Mjomba je? Jicho?" Ungedhani anauliza habari za gari lililokwaruzwa mlango. Nikamjibu, "Limebaki moja." Akacheka tena, halafu akakumbuka kwamba hapo si pa kucheka, akajifanya karak imempalia, na karak yenyewe alikuwa bado hajapewa.

Nina miaka kumi na saba na bado navaa sare ya shule, kwa hiyo najua haifai niandike kumbukumbu. Kumbukumbu ni za majenerali na wachungaji waliostaafu. Lakini nilikuwa na mwaka mmoja, ule nilipokuwa darasa la kumi, ambao ulinizeesha upande mmoja tu, kama mkate uliosahauliwa juu ya kikaango. Sitawachosha na nani alimzaa nani. Mama ni muuguzi, tunakaa mtaa wa Najma kwenye chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mjomba Mutisya ni kaka yake, na wakati huo alikuwa mlinzi na mtunzaji wa shamba la Bu Nasser, yaani baba yake Nasser, kule Umm Salal. Hiyo inatosha. Nikisema zaidi mtaanza kuniuliza ukoo.

Kila Ijumaa nilipelekwa shambani, kwa sababu mama alikuwa zamu na aliamini kwamba nikiachwa Najma peke yangu nitauza pazia. Chumba cha mjomba kilikuwa nyuma ya zizi la mbuzi. Kiyoyozi chake kilikohoa kama mzee wa kanisa anayetaka kupewa nafasi ya kusema. Sakafuni palikuwa na zulia jekundu lililostaafishwa kutoka majlisi, ukumbi wa wageni wa tajiri, na doa la chai katikati lenye sura ya Afrika iliyokosa Somalia. Ukutani hapakuwa na picha ya mtu, ila kofia tatu za kazi na kioo kidogo cha kunyolea. Kwenye jiko la umeme la sahani moja kulikuwa na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ambayo mtu yeyote aliyekwenda likizo Kenya alilazimishwa kurudi na mfuko wake au asirudi kabisa. Ssalongo, dereva Mganda wa nyumba ile, alikula huku akilalamika kwamba si matoke. Na Nasser, kijana wa miaka ishirini na ushee mwenye majlisi yenye viti vya ikulu, alikuja kukaa kwenye zulia la baba yake lililostaafu, akatia mkono kwenye sufuria yetu. "Mjomba, chumvi," alikuwa akisema. "Chumvi iko baharini," mjomba alikuwa akijibu, na wote wawili wakicheka, kwa sababu walikuwa na kichekesho hicho tangu Nasser akiwa na meno ya maziwa.

Nilimpenda Nasser. Nalisema mapema ili lisije likanitoka baadaye kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa mchezo wake na yeye alikuwa wangu. Niliwahi kumwambia kwamba Mkamba hafyatui mshale kabla ya kumwomba radhi kuku aliyetoa manyoya. Ijumaa mbili nzima mtoto wa tajiri alipiga magoti mbele ya banda akimbembeleza kuku, na manyoya ya mishale yenyewe yalikuwa ya plastiki. Mjomba alipogundua alinifukuza kwa kandambili hadi kwenye mitende, kisha akakaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. Hakuna aliyelalamika wakati huo. Shambani pale nilikuwa redio, na redio hulaumiwa siku imezimwa.

Mishale ilifika hivi. Nasser alirudi safari na upinde wa kuwindia wa aina ile yenye kitako na kifyatulio kama bunduki, na mabawa mawili mafupi yanayopinda mbele. Upote wake, ule uzi wa kuvutia, ulikuwa mgumu hata Ssalongo, mwenye kifua cha mlango, aliuvuta akitaja majina ya babu zake. Nasser alipanga kwenda kuwinda nchi za mbali na binamu zake msimu ukifika, na kabla ya hapo alitaka kujifunzia shambani, kwenye marobota ya majani yaliyopangwa mbele ya ukuta wa mwisho, ambako mtu hapiti. Sasa, kumletea Mkamba upinde ni kama kumletea samaki maji. Mjomba hakuwa ameshika upinde tangu akiwa mvulana, lakini siku ile alikua sentimita kumi. "Sisi," alimwambia Nasser, "kabla hatujajua kuandika tulijua kulenga." Tangu hapo kila Ijumaa alasiri alikuwa mwalimu. Alisimama nyuma ya Nasser, mikono mgongoni, akisema "pumua" na "usiukimbilie," na mimi niliokota mishale nikitoa maoni ambayo hayakuombwa.

Mishale iliyokuja na upinde ilikuwa mizito, myeusi, yenye vyembe vinene vya chuma nchani. Miwili ilizama mchangani, mmoja ukagonga ukuta ukapasuka uti, na mjomba akauvunja papo hapo kwa goti ili asije mtu akaufyatua, kwa sababu mshale wenye ufa unaweza kupasukia mkononi. Hapo alikuwa sahihi, na sitamnyima. Halafu Nasser akaagiza mipya. Ilikuja mizuri kweli, ya rangi ya machungwa, myembamba, na binamu mmoja alikuwa amemwambia kwamba mwepesi ndio wenye kasi. Nasser alimpa mjomba mmoja. Mjomba akafanya kama baba yake alivyofanya, na babu yake kabla ya hapo: akaulaza juu ya kidole, akafumba macho, akaurusha kidogo na kuudaka, akaupuliza. "Huu," akasema, "hausikiki mkononi. Mshale mzuri hausikiki mkononi. Ule mweusi ulikuwa mwiko wa ugali." Nasser akafurahi kama mtu aliyebarikiwa na askofu.

Tatizo ni kwamba chini ya kitako cha upinde ule palikuwa na kibandiko cha manjano, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuokota na kungoja, nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko vitabu vyangu vya shule. Kilisema usifyatue bila mshale, na usitumie mshale ulio chini ya uzito fulani, ukipimwa mzima, pamoja na chembe chake. Kwa gramu ilikuwa ishirini na sita. Nilitia mshale mmoja mweusi na mmoja wa machungwa kwenye begi, nikarudi nayo Najma, nikailaza mmoja mmoja kwenye mizani ambayo mama hupimia unga wa keki. Mweusi ulikuja ishirini na saba. Wa machungwa, kumi na tisa. Mama alitoka nyuma ya pazia na sare yake ya kazini, akatazama. "Kyalo, hicho ni nini kwenye mizani yangu?" Nikamwambia ni mshale. "Umeshamchoma mnyama?" Nikamwambia hapana. "Basi futa, kesho ni keki ya kanisa." Ndivyo tulivyozungumza.

Jambo lenyewe si gumu. Upinde ukishavutwa umeshiba nguvu, na nguvu hiyo lazima kitu kiibebe. Mshale wenye uzito wake huibeba ukaondoka nayo. Mshale mwepesi mno hutoroka na kiasi kidogo, na kilichobaki huurudia upinde wenyewe, kwenye upote na kwenye mabawa, karibu sawa na kufyatua upinde mtupu. Ni kama kurusha ngumi ukamkosa mtu: yeye hana habari, bega lako ndilo linalolia. Nimekosa watu wengi, kwa hiyo nililielewa haraka. Upinde wa mti wa baba yake mjomba haukuwa na nguvu ya namna ile, na kule mshale wa unyasi ulitosha. Mjomba alikuwa sahihi kwa Kitui. Tulikuwa Umm Salal.

Ijumaa iliyofuata binamu watatu walikuwa wamekuja. Walikaa kwenye mkeka wakinywa gahawa, na mjomba alikuwa amevaa shati lake jeupe la Krismasi. Nilitoa mizani kwenye begi nikaiweka juu ya robota, nikapima mishale mbele ya watu wote, nikamwonyesha Nasser kibandiko. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiarabu cha shule, na sikutia utani hata punje, jambo ambalo nadhani ndilo lililowachekesha zaidi. Binamu mmoja aliuliza kama sasa tunaoka. Nasser alitabasamu, lakini macho yake yalikwenda kwenye kibandiko yakakaa hapo. Niliyaona. Kisha akamgeukia mjomba. "Mjomba, unasemaje?"

Nikimkumbuka mjomba namkumbuka pale, na shati lile. Wageni wanamtazama. Mtoto aliyemlea anamwita mwalimu mbele ya ndugu zake, na mpwa wake amesimama na mizani ya mapishi. "Mizani ya keki," alisema polepole, "inipime mimi mishale?" Mkeka mzima ukacheka. "Huyu juzi alikupigisha magoti kwa kuku, leo anataka upige magoti kwa mizani." Wakacheka tena, na Nasser akacheka nao. Akachukua upinde, akauvuta, akalaza mshale wa machungwa, akampa mjomba kwa mikono miwili. "Wewe kwanza."

Mshale wa kwanza uliruka hata sikuuona. Makofi. "Mizani yako inasemaje?" mjomba akaniuliza, akanikonyeza kwa jicho la kulia. Wa pili pia ukaenda salama, isipokuwa upinde ulitoa sauti kavu, kama mtu anayevunja vidole. Nikasema, "Mjomba, umesikia?" Akasema, "Nimesikia kelele za mtoto." Wa tatu ulipofyatuliwa, bawa la kulia lilipasuka. Hakukuwa na moshi wala mayowe kama kwenye sinema. Palikuwa na mlio mmoja, gahawa ikamwagika, na mjomba akakaa chini kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kiti, mkono usoni. Shati la Krismasi likaanza kubadilika rangi kuanzia kwenye kola.

Hospitalini mama alifika akiwa muuguzi, akauliza maswali ya kiuguzi, halafu akakunja kona ya korido akawa dada. Jicho la kulia halikuokolewa. Siku chache baadaye Bu Nasser mwenyewe alikuja, mzee mpole mwenye fimbo, na sanduku la tende, Nasser nyuma yake akitazama viatu. Alikaa kando ya kitanda akamshika mjomba mkono muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Ilikuwaje? Nani alileta mishale ile?" Mzee akanigeukia. "Kyalo, wewe ulikuwepo. Sema." Kwa hiyo nikasema. Nilisema Nasser ndiye aliyeiagiza, kwamba nilipima, kwamba nilimwonyesha kibandiko na akakisoma. Nasser hakuinua uso. Aliyeinuka ni mjomba, na kichwa kizima kimefungwa bandeji, akajiegemeza kwenye kiwiko na kusema kwa Kiarabu chake cha shambani, "Bu Nasser, usimsikilize huyu. Huyu ni mzaha mtupu. Atakuambia hata kuku wako wanadai msamaha. Mishale nilichagua mimi."

Nasser alicheka. Labda hakukusudia. Ilimtoka puani tu, kwa sababu ya kuku, lakini ilitosha. Mzee akatabasamu, akanipapasa kichwa, akasema vijana ni vijana. Mama akaniambia nikanywe maji. Nilitoka nikanywa maji. Watu wazima waliosikia kisa hiki huniambia ni fundisho, kwamba mtu wa utani siku ya kusema kweli hukosa wa kumwamini. Wanalisema kwa upole, wakiwa wameshiba. Mimi silipokei. Sikuwaomba waniamini mimi. Niliwaomba waiamini mizani, na mizani ile haijawahi kumchekesha mtu maishani mwake. Waliielewa vizuri kabisa, ila siku hiyo palikuwa na heshima za watu wawili za kulindwa, ya mjomba na ya Nasser, na kila mmoja aliona heri mimi nionekane mzaha kuliko heshima yake ivunjike. Na bado niliona soni, nikiwa na bilauri ya maji mkononi, kana kwamba nimesema uongo.

Mjomba alikuwa na hesabu yake. Aliponiona nimenuna, alinivuta sikio pale pale kitandani. "Wewe mtoto, unafikiri wakimgombeza mtoto wao kwa ajili yangu watanipenda? Nimemfichia. Hawatasahau." Na kweli hawakusahau. Aliporudi shambani, nilikuwa nimekaa kwenye zulia jekundu nikimwonjea muthokoi, na upande wa pili wa ukuta wa mbao Bu Nasser alikuwa akizungumza na mwanawe. Nilisikia kila neno. Mzee alisema Mutisya ni mtu mwaminifu, tena mkweli, amekubali kosa lake kama mwanamume. Lakini mlinzi wa jicho moja ataangaliaje lango na barabara? Ni kumtesa. Bora apumzike kwao. Nasser alisema, "Sawa, baba." Nilingoja neno la pili. Nilingoja mpaka muthokoi ikashika chini ya sufuria, na tangu siku ile nikisikia mtu anaambiwa "apumzike" nasikia harufu ya maharagwe yaliyoungua.

Walimpa tikiti, sanduku lingine la tende, na blanketi nene lenye picha ya simbamarara, kama vile Kitui kuna theluji. Nasser alimkumbatia akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo sitalikana, na ndilo linaloniudhi. Ningependa yangekuwa ya uongo. Ssalongo alimfungia mizigo. Alikaza kamba kwa goti, akasema bila kumtazama, "Mutisya, ssebo, jicho umewapa. Kwa nini uliwapa na mdomo?" Mjomba alikuwa mbele ya kile kioo cha kunyolea, anajifunza kunyoa upande asiouona. "Nilidhani nikimfichia mtoto wao," akasema, "nitakuwa kama mtu wao." Mimi, redio ya shamba, nikainama nikakunja zulia. Alituachia zulia. Mama alilitandika Najma chini ya pazia, na doa la Afrika liko upande wangu.

Basi juzi, karak zetu zikiwa mkononi, Nasser aliniegemea akapunguza sauti. "Nimenunua mwingine. Mkubwa zaidi. Mwezi ujao tunasafiri." Nikanywa karak. "Ule uzito wa mishale, uliosema siku ile, ulikuwa ngapi?" Nawaambia ukweli, nilichelewa kujibu. Namba kumi na tisa ilikuwa mdomoni, imelowa, tayari. Ningeisema kwa uso wa kawaida na angeichukua, kwa sababu mara hii hakuwa anacheka. Alikuwa ametoa simu na kidole chake kilikuwa juu ya kioo, kinangoja. Nilimtazama jicho la kulia. Ni zuri, lina kope ndefu kama za mbuzi wao. Nikamwambia, "Ule wa zamani ulikuwa ishirini na sita kwenda juu. Huu mpya una kibandiko chake, kisome. Ukikosa kibandiko, waulize walioutengeneza, usimwulize binamu. Na upime mshale wewe mwenyewe, kila mmoja, mzima." Akaandika. "Mzima, pamoja na chembe?" Nikasema, "Pamoja na chembe." Akarudia yote kutoka juu hadi chini kama mwanafunzi mwema, hakuruka hata neno. Kisha akanishukuru, akasema nimsalimie mjomba, akaenda zake.

Mjomba hupiga simu ya video Jumapili baada ya kanisa. Nilimwambia nimemwona Nasser, na alichoniuliza. Kuku wa kwao walikuwa wakilia nyuma yake. "Ukamwambia kweli?" Nikasema kweli. "Akakuamini?" "Aliandika, mjomba. Neno kwa neno." Akatikisa kichwa taratibu. "Basi umekua," akasema. "Sasa watu wanakusikiliza." Nilikuwa na jibu. Maneno yalikuwa yale yale, na mdomo ule ule, na anajua vizuri kilichoongezwa katikati: jicho lake. Lakini alikuwa ametoka kanisani, amevaa shati jipya jeupe, kwa hiyo nikamuuliza kama hao kuku anaowafuga wameshaombwa radhi. Akacheka mpaka akashika ubavu, uso kaugeuza kidogo kama afanyavyo siku hizi, ili kwenye kioo ionekane ile nusu nzima tu.